Tone Lisilowasha

Katika nyumba ya fundi saa hakuna aliyekuwa na kisingizio cha kuchelewa. Ukutani sebuleni zilining'inia saa kumi na moja, nyingi zikiwa za wateja, zilizoletwa nyumbani zichunguzwe kama zimepona kweli au zinajifanya. Ilipotimia saa moja jioni zote ziligonga, ila si kwa pamoja. Ya mviringo ilitangulia, ile ndefu ya mbao ikaitikia, na ya mwisho kabisa ilikuwa saa ya jikoni, ambayo ilichelewa dakika nne kila siku na fundi hakuwahi kupata nafasi ya kuitazama. Mama alisema ingekuwa ya jirani ingekuwa imeshapona zamani.

Pamoja na saa zote hizo, binti yao wa pekee aliitwa Dakika. Jina lake la kweli lilibaki kwenye madaftari ya shule. Nyumbani na mtaani walimwita hivyo kwa sababu kila alipotumwa alijibu, "Dakika moja tu," na hiyo dakika yake moja iliweza kukausha sufuria ya chai jikoni. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwepesi wa miguu na wa mdomo, na kati ya wasichana wa mtaa waliokuwa wakiruka kamba hakukuwa na wa kumshinda.

Kazi moja tu ndiyo Dakika hakuiahirisha. Kila ilipogonga saa moja jioni, Baba alikuwa akilala chali kwenye kochi. Dakika alinawa mikono kwa sabuni, akatoa kabatini kichupa kidogo chenye kifuniko cha buluu, akavuta taratibu ngozi iliyo chini ya jicho la kulia na kudondosha tone moja. Kisha jicho la kushoto, tone moja. Baba alifumba macho na kubana kwa vidole zile pembe za karibu na pua, ili dawa isikimbilie kooni, na wote wawili wakangoja dakika mbili wakisikiliza saa.

"Inawasha," Baba alisema kila siku, kama mtu anayelalamikia mvua huku shamba lake likiihitaji. Halafu Dakika alitia alama ya vema kwenye kalenda, na siku ikawa imekwisha vizuri.

Huenda mtu akauliza kwa nini mtu mzima hakujitilia dawa mwenyewe. Ni kwa sababu ya kazi yake. Fundi saa hubana kioo kidogo cha kukuzia kwenye jicho, bila kukishika kwa mkono, ili mikono yote miwili ibaki na kibano na bisibisi. Baba alikuwa amebana kioo hicho kwa miaka ishirini na tisa. Macho yake yalijifunza kwamba kitu chochote kinachosogea karibu ni cha kubanwa, na kila alipojaribu kujitilia dawa yalijifunga kabla tone halijafika. Tone lilitua shavuni, puani, mara moja hata sikioni. Mama alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema kazi hiyo apewe mtoto, kwa kuwa yeye mwenyewe jioni huwa kazini, kwenye kiwanda cha mikate.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umewashangaza wote. Baba aliweza kuokota skrubu ndogo kuliko punje ya sukari. Mtu wa namna hiyo ungemwambia ana ugonjwa wa macho angekucheka. Lakini mtu huyohuyo alikuwa akijigonga kwenye milango, akikanyaga viatu vya watu, na akiwapita majirani barabarani bila salamu mpaka wakasema fundi amekuwa na maringo. Siku alipoligonga na kulimwaga chini sinia la maandazi ambalo Mama alikuwa amelishika kushoto kwake, Mama hakubishana naye tena. Alimshika mkono mpaka kwenye kliniki ya macho, Dakika akifuata nyuma.

Daktari wa macho alikuwa mama mfupi, mwenye sauti ya upole na maswali mengi. Alipima, akamulika, akapima tena, kisha akawaita wote watatu kwenye sinki la kunawia mikono lililokuwa pembeni ya chumba. Alifungua bomba kidogo na maji yakawa yanaingia na kutoka. Akaziba nusu ya tundu kwa kidole, na maji yakaanza kupanda.

"Jicho nalo lina maji yake ndani, si haya machozi," alisema. "Yanatengenezwa kila siku na kutoka kila siku. Njia ya kutokea ikizibana, shinikizo linapanda, na linauminya mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa unaanza kufa kidogo kidogo, na kwa kawaida unaanza na picha za pembeni. Katikati panabaki pazima muda mrefu. Ndiyo maana unaona skrubu na huoni mlango, fundi. Huu ndio ugonjwa wa glakoma, watu wengi wanauita presha ya macho."

Baba aliuliza sehemu iliyokufa itarudi lini. Daktari alifunga bomba kwanza, ndipo akamjibu kwamba haitarudi. Dawa haifufui kilichokufa, inalinda kilichobaki, na inalinda tu ikitiwa kila siku, maisha yote, hata kama macho hayaumi. Shinikizo la macho ya Baba siku ile lilikuwa thelathini na moja, wakati la mtu mzima mwenye afya kwa kawaida halizidi ishirini na moja. Baada ya miezi miwili ya dawa walirudi na kukuta kumi na saba. Baba alitoka pale akipiga mluzi.

Kuanzia hapo sifa za Dakika zilivuma. Kila mteja aliyeleta saa kubadilishiwa betri alisimuliwa kwamba binti yake ana mkono wa fundi, haupotezi tone. Mwalimu wa sayansi alikwenda kubadilisha mkanda wa saa, akasimuliwa, naye akaja kuyarudia darasani mbele ya wanafunzi arobaini. Dakika alitembea siku ile kichwa juu. Sifa ni tamu ukiwa unastahili.

Kisha ikaja jioni ya kamba. Ilikuwa siku ya tano tangu kichupa kipya cha mwezi kifunguliwe. Dakika alikuwa ameshatia dawa, Baba amefumba macho na kubana pembe zake, na dakika mbili ndiyo kwanza zinaanza. Kazi ya Dakika wakati huo ilikuwa kufunga kichupa na kukaa kimya. Rafiki yake wa nyumba ya pili akapiga mluzi dirishani. Kulikuwa na kamba mpya, ndefu, ya kurukwa na watu watatu.

"Dakika moja tu," Dakika alinong'ona. Akakiacha kichupa wazi kwenye kiti, akakimbilia dirishani, akaitazama kamba, akaahidi kwamba anakuja, akarudi mbio na kujitupa kwenye kiti. Alihisi kitu kidogo kigumu chini yake, kisha ubaridi. Alipoinuka, kichupa kilikuwa kimebonyea ubavu na dawa karibu yote ilikuwa kwenye sketi yake. Kilichobaki hakikufika matone manne.

"Nini hicho?" Baba aliuliza, macho bado yamefumbwa.

"Hakuna kitu, baba."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na kama uongo wote wa kwanza ulikuwa mdogo na ulitoka kwa urahisi. Angesema pale pale, Baba angeguna, Mama angefoka, na kesho yake wangenunua kichupa kingine. Dakika alijua hivyo hata wakati ule. Lakini alimtazama baba yake amelala pale, mikono puani, akimwamini, akakumbuka mkono usiopoteza tone na wale wanafunzi arobaini. Alijiambia kwamba atasema kesho.

Kesho yake, matone yaliyobaki yakaisha. Keshokutwa yake, kabla Baba hajarudi kutoka kibandani kwake, Dakika alitoa kibano cha akiba kwenye droo, akang'oa kile kinywa cha kichupa kinachodondosha matone, jinsi alivyoona Baba aking'oa mfuniko wa nyuma wa saa, akamimina humo maji ya kunywa kutoka kwenye jagi, akakirudisha kinywa mahali pake mpaka kikalia. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Baadaye, kila alipoikumbuka aibu ile yote, hilo ndilo lililomchoma kuliko mengine.

Jioni ile Baba alilala chali, akapokea matone mawili ya maji, akafumba macho. Akangoja. "Leo haiwashi," alisema.

"Macho yameshazoea, baba."

Baba alifurahi. Kesho yake aliwatangazia wateja kwamba macho yake yanapona, dawa imemzoea na yeye ameizoea. Alimwambia Mama pia, na Mama akamkumbatia Dakika kwa mikono yenye unga. Dakika alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini ardhi ya sebuleni ilikuwa saruji, haikupasuka, na saa kumi na moja ziliendelea kugonga.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini kwa anayeipita haiishi. Kila jioni Dakika alinawa mikono kwa sabuni, akatia maji, akaweka alama ya vema. Mwalimu wa sayansi alipouliza darasani dawa ya macho hutiwaje, wenzake wote waligeuka kumtazama, naye akasema hajui. Kwenye kamba alianza kujikwaa, yeye aliyeweza kuruka hata usingizini. Mara tatu alifungua mdomo mbele ya Mama, na mara zote tatu Mama alikuwa amechoka, au anacheka, au anamsifu. Sifa zikiwa za wizi hazina utamu wowote. Na Baba alikuwa ameanza tena kujigonga mabega kwenye mlango wa jikoni, au labda hakuwa ameacha. Dakika hakuwa na njia ya kujua, na kutojua kulimtesa.

Siku ya kurudi kliniki ilifika kabla kichupa hakijaisha. Dakika alisema tumbo linamuuma. Mama akautazama mkono aliokuwa ameuweka kifuani, akamwambia tumbo liko chini zaidi, avae viatu. Daktari alikuwa ameagiza kwamba anayemtilia mgonjwa dawa naye afike, na siku hiyo Mama alikuwa na zamu ya mchana. Basi wakaenda wawili, Dakika kushoto kwa Baba kama kawaida yao, kwa sababu kushoto ndiko kulikokuwa kubaya na Baba alihitaji mtu wa kumwonya shimo au baiskeli.

Daktari alipima jicho la kulia, kisha la kushoto. Akarudia la kushoto.

"Thelathini la kulia. Ishirini na tisa la kushoto," alisema. "Mara iliyopita yote yalikuwa kumi na saba. Dawa mnatia?"

Baba alijibu kwa kutoa bahasha mfukoni. Ndani yake alikuwa amekunja karatasi za kalenda, miezi yote, amezibeba kama cheti. Aliziweka mezani na kuzinyoosha kwa kiganja. Alama za vema zilijipanga mstari kwa mstari, safi, bila pengo.

"Huyu mtoto hajakosa hata siku moja, daktari," alisema. "Na siku hizi haiwashi hata."

Daktari alizitazama karatasi, akamtazama Dakika, ambaye alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu. Kisha alisogeza kiti, akakaa uso kwa uso na Baba. Alimwomba azibe jicho la kulia kwa kiganja na amtazame puani, asigeuze kichwa. Akanyoosha mkono wake pembeni na kuanza kuchezesha kidole, akikisogeza taratibu kuelekea katikati. Baba aseme tu atakapokiona.

Dakika alikiona kidole tangu kilipokuwa mbali. Kilicheza karibu na bega la Baba, Baba akanyamaza. Kilifika usawa wa sikio, kikaja mbele ya sikio, Baba akanyamaza, ametulia, ana subira, akingoja kuona kitu kilichokuwa mbele ya kila mtu. Dakika alitaka kupiga kelele kwamba kile pale. Kidole kilikuwa kimekaribia pua ya daktari ndipo Baba aliposema kwa furaha, "Hicho hapo."

Daktari alirudi mezani. Alieleza kwa upole kwamba kama dawa imetiwa kila siku na shinikizo limepanda hivi, basi dawa imeshindwa kazi, na jicho la kushoto halina tena nafasi ya kupoteza. Kulikuwa na njia nyingine. Wengine husaidiwa kwa mwanga maalumu wa kufungua njia ya maji. Yeye kwa jicho hili angeshauri upasuaji, kutoboa njia mpya ya maji kutokea. Ni upasuaji unaosaidia watu wengi, lakini una hatari zake, na Baba asingeweza kuinamia saa kwa wiki kadhaa. Alifungua daftari la miadi na kutafuta siku.

Mkono wa kulia wa Baba ulikuwa umeanza kusugua kidole gumba, kama anavyofanya akiwa na saa iliyomshinda. "Kata, daktari," alisema. "Kama mtoto ametimiza kazi yake na dawa imekataa, hakuna wa kulaumiwa. Kata tu."

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Ni maji," alisema Dakika.

Daktari aliinua kichwa.

"Kwenye kichupa. Ni maji ya kunywa. Nilikiacha wazi nikakikalia, dawa ikamwagika, nikaogopa kusema. Nikatia maji." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini chumba kilikuwa kimya na haikupotea. "Wiki tatu na siku mbili, baba. Alama zote za huku mwisho ni za uongo."

Baba aligeuka. Dakika alikuwa kushoto kwake, kwa hiyo ilimbidi azungushe kichwa chote na bega ili amwone, na ule muda mfupi wa kuzungusha kichwa ulikuwa mrefu kwa Dakika kuliko wiki zote tatu. Hakumfokea. Alimtazama tu, kisha akazichukua zile karatasi mezani, akazikunja polepole na kuzirudisha ndani ya bahasha. Dakika angependa kupigwa kuliko kuona bahasha ile ikirudi mfukoni.

Daktari alifunga daftari la miadi. Alimwambia Dakika ukweli bila kuupaka sukari: maji ya jagi yana vijidudu na yangeweza kuleta ugonjwa mwingine machoni, na kama angenyamaza dakika tano zaidi, mtu angepangiwa kupasuliwa kwa sababu ya dawa ambayo haikushindwa chochote. Dakika aliuliza, huku machozi yakimfikia kidevuni, kama wiki tatu zile zimeua sehemu nyingine ya jicho.

"Sijui," alisema daktari. "Labda hapana, labda kidogo. Jicho halitoi risiti. Ninachojua ni kwamba umesema kabla sijaandika tarehe, na hilo limesaidia."

Alimwandikia Baba kichupa kipya cha dawa na kuahirisha habari ya upasuaji kwa wiki nne, waone kwanza dawa ya kweli inafanya nini. Halafu akampandisha Dakika mwenyewe kwenye kiti. Glakoma hutembea ndani ya ukoo, alieleza, hivyo watoto na ndugu wa damu wa mgonjwa wapimwe hata kama wanaona vizuri, kwa sababu ugonjwa huu haupigi hodi. Macho ya Dakika yalikuwa salama. Baba akaagizwa awalete kupimwa na ndugu zake mwenyewe, wapende wasipende.

Nje ya kliniki Dakika alisita, hakujua asimame wapi, kisha akaenda kushoto kwa Baba kama siku zote. Baba hakumfukuza. Palipokuwa na mtaro wazi Dakika alisema, "Mtaro, baba," naye akainua mguu.

Hawakwenda nyumbani moja kwa moja. Baba alifungua kibanda chake, akaketi, akamwonyesha Dakika kigoda. Alikaa muda mrefu akizungusha kioo chake cha kukuzia kati ya vidole.

"Mimi nilijua," alisema hatimaye. "Kabla ya lile sinia la mama yako. Nilijua miaka miwili nzima kwamba upande huu kuna giza. Nilikuwa nageuza kichwa wateja wasijue. Nilisogeza kiti hiki ukutani ili mtu asije akanitokea kushoto. Fundi saa mwenye macho mabovu, nani atampa saa yake? Niliona aibu, nikanyamaza." Alikiweka kioo mezani. "Hicho kidole cha daktari ambacho sikukiona leo, sikukipoteza kwa wiki zako tatu. Nilikipoteza kwa miaka yangu miwili. Nami sikumwambia mtu. Wewe umesema."

Dakika alilia hapo, kwa sauti, mpaka muuza magazeti wa jirani akachungulia na kuondoka.

"Usifikiri nimekusamehe bure," Baba aliendelea. "Nimekasirika, na nitakasirika mpaka keshokutwa. Lakini sikiliza. Kukalia kichupa ni bahati mbaya, hata mimi nimeshakalia saa ya mteja. Kuficha ndiko kulikotaka kuniingiza kwenye kisu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tumefanana mno wewe na mimi, na tuache kufanana kwa hilo."

Mama, aliposikia, hakuwa mtulivu hivyo. Alisema yake yote kuanzia mlangoni hadi jikoni, akarudi akasema tena yale aliyokuwa ameyasahau. Kisha akaamua kwamba kwa wiki nne dawa ataitia mwenyewe. Aliomba ruhusa ya kutoka kazini kwa nusu saa kila jioni, na kila ilipokaribia saa moja alitokea mlangoni akihema, unga mpaka kwenye viwiko, akanawa, akatia matone mawili, akakimbia kurudi zamu. Dakika alimshikia kitambaa. Hakuna aliyemsema tena, na kule kuona mama yake akikimbia ndiko kulikomsema.

Karatasi ya kalenda ilirudishwa ukutani. Dakika alidhani itachanwa, lakini Baba alimpa kalamu nyekundu na kumwambia akate alama zake za uongo, moja moja, na kuandika pembeni yake neno maji. Mgeni aliyeuliza maana yake alielezwa na Dakika mwenyewe. Wa kwanza kuuliza alikuwa mwalimu wa sayansi, aliyekuja kuchukua saa. Masikio ya Dakika yaliwaka moto, lakini alieleza mpaka mwisho, na siku iliyofuata aliomba kueleza darasani pia. Aliwaambia wenzake kuhusu sinki na maji, kuhusu ugonjwa usiouma, na kuhusu kichupa. Mtoto mmoja wa nyuma alisema bibi yake naye huwapita watu bila salamu. Mwalimu akaandika jambo hilo kwenye karatasi ili azungumze na wazazi wa mtoto huyo.

Wiki nne zilipotimia, walikwenda kliniki wote watatu. Daktari alipima, akarudia. Dakika alishika ukingo wa meza.

"Kumi na nane," alisema daktari. "Na kumi na saba."

Habari ya kisu ikawekwa kando. Daktari hakuahidi kwamba haitarudi kamwe. Alisema ni miadi na dawa maisha yote, na ikibidi siku moja, upasuaji nao ni rafiki, ilimradi usiitwe kwa uongo. Akauliza sasa nani atatia dawa, maana mama mtu hawezi kuendelea kukimbia hivyo. Mama alimtazama Baba. Baba alizungusha kichwa, kile kichwa chake chote, akamtafuta Dakika mpaka akamwona.

"Huyu," alisema. "Mtu ambaye hajawahi kukosea simjui, na siwezi kumwachia macho yangu. Huyu namjua. Ninachotaka kwake ni kimoja: kikimwagika, aniambie kimemwagika. Dawa nyingine ipo dukani. Imani haiuzwi huko."

Jioni ile saa ya mviringo ilitangulia kugonga, ile ndefu ikaitikia. Dirishani mluzi ulilia mara mbili. Dakika hakugeuka. Alinawa mikono kwa sabuni, akachukua kichupa, akavuta ngozi ya chini ya jicho la kulia, tone moja. La kushoto, tone moja. Akafunga kifuniko mpaka kikakaza, akakishika kichupa mkononi, akakaa. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka.

Baba alifumba macho na kubana pembe zake. Saa ya jikoni, na uchelewaji wake, ikagonga mwisho.

"Vipi, baba?" Dakika aliuliza.

"Inawasha," alisema Baba. "Inawasha vizuri sana."